Bahasha ya Nia: Kumbukumbu ya Kumwombea Ndugu

Katika Kiswahili cha kanisani yako maneno mawili yanayotamkwa pamoja mara nyingi kiasi kwamba msikilizaji hasimami tena kuyatafakari, nayo ni dhiki na faraja. Yote mawili yaliingia katika lugha hii kutoka Kiarabu, na yote mawili yalikuwa na sura ya mahali kabla ya kuwa na sura ya moyo: dhiki asili yake ni wembamba, hali ya kusongwa na kukosa nafasi, ilhali faraja inatokana na mzizi wenye maana ya kufunguka, ya mwanya kupatikana pale palipobana. Mtu akilishika hilo, huona kwa nini faraja ya Kikristo haiwezi kuwa kitu kimoja na habari njema. Habari njema huondoa sababu ya dhiki, na faraja hufungua nafasi wakati sababu ingali palepale. Kumbukumbu hii inahusu tofauti hiyo, kama alivyojifunza kwa miaka mingi dada mmoja wa Dar es Salaam, ambaye ndiye mwandishi wa kurasa hizi, alipokuwa akimwombea mdogo wake aliyekuwa anatumia unga.

Unga, katika lugha ya mitaani ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ni heroini, dawa ya kulevya itokanayo na utomvu wa mmea wa afyuni, na mtumiaji wake huitwa teja, ingawa maandishi ya serikali na ya hospitali hupendelea neno mraibu, yaani mtu ambaye mwili na akili yake vimefungwa na dawa hata asiweze kuiacha kwa nia peke yake. Kipimo kidogo kinachouzwa mkono kwa mkono huitwa kete, na pale mateja wanapokutana huitwa maskani. Neno ambalo familia hulijua kuliko yote ni arosto: maumivu yanayomshika mtumiaji saa chache baada ya nguvu ya dawa kumwishia mwilini, pamoja na miayo isiyokoma, kamasi, mwili kusisimka kama wa mwenye baridi, kuharisha, mifupa kuuma na usingizi kukataa kabisa. Asiyewahi kuishi nyumba moja na mtu mwenye arosto hudhani teja hutafuta raha, lakini aliyewahi kuishi naye anajua kwamba raha ilikwisha zamani, na kinachotafutwa kwa kuiba na kwa kudanganya ni nafuu ya saa nne au sita tu.

Mdogo wake mwandishi alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto watano huko Kinondoni, konda wa daladala ambaye sauti yake ilijulikana kituo kizima, na aliingia katika unga kwa mlango ambao vijana wengi wa rika lake waliingilia, yaani kwa kuvuta kokteli, ambayo ni bangi iliyochanganywa na heroini, kabla ya kufikia kujidunga sindano. Familia ilichelewa kuelewa. Kwanza ilipotea pasi ya umeme, kisha redio, kisha sufuria kubwa la shughuli ambalo mama yao alikuwa amelinunua kwa fedha za upatu, na kila kitu kilipopotea palipatikana maelezo ya kumtetea, mpaka siku sufuria lilipoonekana kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mtaa wa pili. Tangu hapo nyumba iliishi kwa funguo. Mwandishi alilala na funguo za kabati zimefungwa kwenye pindo la khanga, akaamka kila komeo la geti lilipolia, kwa sababu kulia kwa komeo kulikuwa na maana mbili zisizotenganishika: kwamba amerudi kuiba, na kwamba yu hai.

Mama yao, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliendelea kila usiku kupakua chakula cha mwanawe na kukifunika kwa sahani ya pili mezani. Asubuhi, sahani ya juu ikikutwa imesogezwa na ya chini imebaki na miiba ya samaki, hakuna aliyesema neno, lakini chai ilinyweka. Ikikutwa vilevile, na mchuzi umeganda pembeni, kila mmoja alikwenda kazini simu ikiwa mkononi. Mwandishi alikuja kuamini baadaye kwamba sahani ile ilikuwa sala iliyo bora kuliko nyingi alizokuwa akizisema yeye wakati huo, lakini ilimchukua miaka kuona kwa nini.

Wasiwasi wa ndugu una tabia yake, na vitabu vya uchungaji huupita haraka, vikiuhesabu kuwa tawi la wasiwasi wa mzazi. Mzazi ana mamlaka juu ya mtoto, hata yakiwa hayasikilizwi tena, na mume na mke wana kiapo, lakini ndugu hana mamlaka wala kiapo, ana kumbukumbu tu za kitanda kimoja, bakuli moja na fimbo moja. Tena huulizwa na watu, bila kuulizwa waziwazi, kwa nini yeye amepona na mwenzake hakupona, ilhali wametoka tumbo moja, na usiku hujiuliza mwenyewe. Biblia inalijua jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Katika sura ya 4 ya Mwanzo, Kaini akiulizwa alipo ndugu yake hurudisha swali, iwapo ni wajibu wake kumlinda, na wahubiri hulijibu swali hilo kwa ndiyo kabla hawajafunga kitabu, hali katika maandiko yenyewe Mungu halijibu kabisa, bali humwambia Kaini habari za damu inayolia ardhini. Pengo hilo lilimsumbua mwandishi kwa muda mrefu, kwa kuwa yeye alikuwa ameushika ulinzi kama ajira: alichunguza macho ya mdogo wake kama mboni zimesinyaa, alipekua mifuko, na siku moja alimfuata mpaka maskani nyuma ya gereji akamvuta kwa shati mbele ya wenzake. Hakuna siku ambayo ulinzi huo ulipunguza hata kete moja.

Kisa kilichomfaa zaidi, ingawa alikipata kwa kuchelewa, ni kile cha sura ya 2 ya Kutoka, ambamo dada wa Musa, anayetambuliwa na mapokeo kuwa Miriamu, anasimama kwa mbali kandokando ya mto ili ajue yatakayompata mtoto aliyewekwa ndani ya kisafina. Msichana yule hakuingia majini wala hakukishika kisafina. Alikaa mahali ambapo angeweza kuona, na nafasi ilipotokea alisema neno moja la maana kwa binti Farao. Umbali ule haukuwa ubaridi. Lakini kwa miaka ya mwanzo mwandishi asingeweza kukubali kwamba kusimama mbali ni namna ya kupenda, na sala zake zilikuwa shahidi wa kukataa huko.

Kitenzi kuomba katika Kiswahili hutumika kwa ombaomba wa barabarani na kwa mtu aliyepiga magoti pia, tofauti na kusali, ambako Wakatoliki hukutumia zaidi kwa tendo lenye mpangilio na maneno yake. Kuwaweka wawili hao chini ya kitenzi kimoja ni hekima, kwa kuwa kunamkumbusha mwenye kusali kwamba hana alichokuja nacho. Kuna mtego pia, maana anayeomba kwa muda mrefu bila kupewa huanza kueleza namna ya kupewa. Ndivyo ilivyotokea. Mwandishi alisali novena, ambayo ni sala ya siku tisa mfululizo kwa kusudi moja, na ilipokwisha akaanza nyingine. Siku za Jumanne na Ijumaa alisali rozari ya matendo ya uchungu, na kila fumbo lilimalizika kwa maagizo: muuzaji akamatwe, kijana achukie harufu ya moshi, apate kazi mbali na kituo cha mabasi, na yote hayo yawe kabla ya Pasaka. Pasaka ilifika na maagizo yakasogezwa mpaka Noeli. Aliyemtazama akiwa amepiga magoti angeona ibada, na ibada ilikuwepo kwa kiasi chake, lakini kilichokuwa kikisema ndani kilikuwa wasiwasi uleule wa usiku, safari hii umeshikishwa rozari.

Jambo la bahasha linaonyesha hali hiyo waziwazi zaidi. Katika parokia nyingi za Tanzania, muumini anayetaka Misa iadhimishwe kwa ajili ya jambo lake huandika nia, yaani kusudi la maombi hayo, akaiwasilisha pamoja na sadaka, na nia hizo husomwa ili waliopo waungane naye. Kwa zaidi ya miaka mitatu mwandishi alipeleka bahasha kwa ajili ya Misa ya alfajiri, saa kumi na mbili, na kila bahasha ilikuwa na maneno yaleyale: kuombea afya ya mgonjwa. Jina halikuwepo wala ugonjwa haukutajwa, na waliosikia wangeweza kudhani ni bibi kizee mwenye presha. Alijiambia kwamba Mungu anamjua mgonjwa mwenyewe, na hilo lilikuwa kweli. Lakini jina likiachwa nje ya sala kwa muda wa kutosha, mwenye jina naye huachwa nje, na mwandishi alikuwa amefika mahali pa kuuombea ugonjwa usio na mtu, huku mtu mwenyewe, aliyelala chumba cha uani akitetemeka, hazungumzishwi ila kwa kufokewa.

Ukimya huo ulivunjwa na jumuiya. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976 katika mkutano wa AMECEA, chombo kinachounganisha mabaraza yao, ni makundi ya familia jirani yanayokutana nyumba kwa nyumba kila juma ili kusoma Injili, kusali na kusaidiana. Uzuri wake na ugumu wake vinatoka mahali pamoja, maana zamu huzunguka, na siku yako ikifika majirani huketi kwenye mkeka wako na kuona yaliyomo. Mwandishi alikwepa zamu mara mbili kwa kisingizio cha ukarabati wa paa. Mara ya tatu haikukwepeka, na ilipofika sehemu ya maombi akasema maneno aliyoyazoea, kwamba mgonjwa wa nyumba hii akumbukwe. Bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa sababu ya magoti yake, akamgeukia na kumuuliza kwa upole, kama anayeuliza bei ya mchicha: “Mwanangu, kila wiki tunamwombea huyo mgonjwa wako. Kwani hana jina?”

Jina lilitajwa, na baada ya jina likatajwa neno unga. Hakuna aliyeshtuka, maana mtaa mzima ulikuwa unajua. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kilio humuumbua, ila katika mtaa uliosongamana hivyo mficha maradhi kwa kawaida hujificha yeye mwenyewe tu. Kilichofuata ndicho ambacho hakikutarajiwa. Katibu wa jumuiya, mtu mzima asiyependa kujieleza, alimtaja mtoto wa marehemu kaka yake, na mama mwingine akamtaja mumewe na gongo, na siku hiyo masomo ya Injili hayakufafanuliwa kama ratiba ilivyotaka. Ni haki kuongeza kwamba si kila jumuiya hupokea namna hiyo, kwamba majina yaliyotajwa mkekani mahali pengine yamegeuka umbea wa kisimani, na kwamba mwandishi hakuwa amemwomba mdogo wake ruhusa ya kumtaja. Kasoro hiyo ya mwisho alikuja kuijibia baadaye.

Sura ya 11 ya Injili ya Yohana, ambayo kwa kawaida huhubiriwa kwenye mazishi, inafaa kusomwa na watu wenye ndugu mahututi, kwa kuwa ndiyo sehemu ambamo Agano Jipya linakaa kwa kirefu na dada wawili na kaka yao. Martha na Mariamu wa Bethania wanapoona Lazaro anaumwa wanampelekea Yesu ujumbe, na ujumbe wenyewe hauna ombi. Wanamjulisha tu kwamba kipenzi chake ni mgonjwa. Hawasemi aje, hawasemi amponye, hawapangi siku. Wanachomkumbusha ni kwamba mgonjwa huyu alikuwa amependwa naye kabla wao hawajatuma mtu. Yesu anakaa siku mbili zaidi alipokuwa, na alipofika hatimaye kila dada kwa wakati wake anamtupia lawama ileile ya kuchelewa, naye hawakemei kwa hilo, bali analia. Mtu aliyefundishwa kwamba imani haina malalamiko hana budi kuisoma sura hiyo upya. Tangu mwaka 2021 kalenda ya Kanisa Katoliki inawaadhimisha ndugu hao watatu pamoja tarehe 29 Julai, siku ambayo awali ilikuwa ya Martha peke yake, na kwa familia zenye mgonjwa wa namna hii badiliko hilo si dogo, kwa sababu linasema kwamba undugu wenyewe, pamoja na kuchoka kwake na lawama zake, unaweza kuhesabiwa katika utakatifu.

Kwa kuisoma sura hiyo mwandishi alianza kuelewa sahani ya mama yake. Sahani haikuwa na sharti wala haikumpangia Mungu. Haikumwambia kijana arudi akiwa mtu mwingine, wala haikujifanya kwamba mambo ni shwari, maana ilifunikwa kwa kuwa haikujulikana atarudi saa ngapi. Ilimwekea nafasi mezani, basi. Kumbe kuna kuomba kwa namna hiyo, na kwa mwandishi ilianza kwa sala fupi iliyotamkwa kwenye daladala asubuhi, ikiwa na jina na hali ya siku hiyo tu: fulani hakulala nyumbani, fulani amekula, fulani ameanza kukohoa. Ilikuwa kama taarifa ya zamu ya wauguzi. Haikuleta amani mara moja, na si kweli kwamba wasiwasi uliondoka, ila kifua kilichokuwa kimebana kilipata mwanya wa kuvuta pumzi, na katika mwanya huo mwandishi aliweza, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kuketi uani na kumuuliza mdogo wake swali bila kujua jibu analolitaka.

Jibu lilikuwa kwamba alitaka kwenda kliniki ya methadoni, na kwamba alikuwa anataka hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianzisha tiba hiyo mwezi Februari 2011, ikiwa miongoni mwa hospitali za umma za mwanzo kabisa kufanya hivyo kusini mwa Sahara, na baadaye tiba ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Methadoni ni dawa ya jamii moja na heroini, lakini hufanya kazi polepole na kwa muda mrefu, hata dozi moja ya kunywa hutosha kumkinga mgonjwa na arosto kwa takribani siku nzima bila kumlevya akishazoea kipimo chake. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Haimwondolei mtu uraibu kwa siku moja. Inamrudishia siku yenyewe, ambayo hapo awali ilikuwa imekatwa vipande vya saa nne nne.

Mwandishi alimsindikiza kwa majuma ya mwanzo. Dirisha la dawa lilikuwa na nondo na kitundu cha kupitishia kikombe, na foleni ilikuwa ya kimya kuliko foleni zote za jiji. Kila mmoja alipofika alitaja namba yake, akapokea kikombe kidogo cha plastiki chenye dawa iliyochanganywa na maji, akanywa palepale mbele ya mfamasia, kisha akatakiwa kusema neno lolote ili ionekane amemeza. Wengi walisema asante. Mdogo wake mwandishi, kwa kuwa alikuwa konda, siku ya tatu alisema “Mwenge, Posta”, na mfamasia, mwanamke aliyekuwa na uso wa kazi tangu asubuhi, akacheka mpaka akashika meza. Mwandishi aliyekuwa amesimama nyuma alilia. Ilikuwa ndiyo sauti ile ya kituoni, ambayo nyumbani haikuwa imesikika kwa miaka.

Jambo linalofuata haliwezi kuandikwa bila uchungu. Mwaka uliofuata, mhubiri mmoja mwenye huduma yake ya maombezi alimwambia mama yao kwamba kikombe kile ni unga mwingine uliovishwa koti jeupe, na kwamba aliye na imani haendelei kunywa, naye mama, kwa upendo uleule uliofunika sahani, akampeleka kijana kwenye mkesha. Alikaa siku kumi na moja bila dozi. Arosto ilipomzidi alirudi maskani, na aliporudi kliniki ilibidi aanze tena na kipimo cha chini, kwa sababu mwili uliokaa siku kadhaa bila methadoni hauwezi kupewa kiasi cha zamani bila hatari ya kifo. Kumwambia mgonjwa achague kati ya Mungu na dawa ni kumtwisha mzigo ambao Maandiko hayakumtwisha. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki, katika sura ya 38 kinamtaka mgonjwa amwombe Bwana na kisha ampe nafasi tabibu, kwa maelezo kwamba tabibu naye ameumbwa na Bwana, na kinakwenda mbali zaidi kwa kusema kwamba matabibu nao humwomba Mungu awafanikishe. Wahubiri wanaodharau dirisha lile la nondo wangekaa kwenye foleni yake asubuhi moja tu, wasihubiri, wasikilize watu wanavyosema asante.

Miezi ile ya kuanza upya ilikuwa migumu kuliko ya kwanza, kwa sababu tumaini lilikuwa limekwisha kuonjwa. Mwandishi alipata msaada mahali ambapo hakupatarajia, yaani katika Zaburi ya 88, ambayo Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa. Zaburi nyingi za maombolezo, ambazo ni sala za mtu anayemlilia Mungu kuhusu mateso yake, hugeuka mwishoni zikaingia katika sifa au tumaini, lakini hii haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila mstari wa mwisho wa kumliwaza msomaji. Kwamba waliokusanya zaburi hawakuifuta, na kwamba Kanisa linawapa watu waitamke kabla ya kulala, ni ushahidi kwamba giza linaweza kusemwa mbele za Mungu bila kupambwa, na kwamba anayelisema bado yuko ndani ya sala. Shuhuda zinazotolewa makanisani ni za waliopona. Mwenye ndugu ambaye wiki iliyopita amerudia kujidunga hana pa kusimama katika ibada ya namna hiyo, ila ana pa kusimama katika Zaburi ya 88.

Waumini wengi walimtajia Mtakatifu Monika, aliyemlilia mwanawe Augustino kwa miaka mingi mpaka alipobatizwa Milano katika Pasaka ya mwaka 387, na mfano huo ni mzuri, isipokuwa kwamba ni wa mama. Mwandishi alivutwa zaidi na mtu anayepita pembeni katika Maungamo ya Augustino, Navigio, ndugu yake, ambaye alikuwepo Ostia mama yao alipofariki mwaka uleule. Mtu huyo aliishi katika nyumba iliyojaa machozi kwa ajili ya mwingine. Machozi yake mwenyewe kwa ajili ya nduguye, kama aliyatoa, hayakuandikwa. Ndugu wengi wa wagonjwa ni wa namna ya Navigio, na mtu yeyote anayehudumia familia hizi, awe padre, katekista au mganga, angefanya vema kumgeukia mara moja moja na kumuuliza kama amelala.

Kusimama mbali, lile somo la dada wa Musa, kulikuja kwa vitendo vidogo. Mwandishi aliacha kutoa fedha taslimu, akatoa nauli ya kwenda kliniki na kurudi. Aliacha kupekua mifuko. Funguo aliendelea kuzificha kwa muda, maana kusamehe si kusahau kabati lilipo, na mdogo wake hakuchukia. Mama yao naye aliomba radhi kwa mwanawe kwa ajili ya mkesha, kwa Kipare, lugha ambayo aliitumia kwa mambo makubwa tu.

Kuna jambo moja katika sura ile ya Yohana ambalo wasomaji hulipita. Lazaro hasemi neno. Dada zake wanasema, wanafunzi wanasema, umati unasema, hata baada ya kufufuliwa, na hata anapoketi mezani katika sura inayofuata, hakuna neno lake lililoandikwa, na kazi ya kumfungua sanda Yesu aliwaachia waliokuwapo. Mdogo wake mwandishi alipoambiwa hilo, jioni moja uani, alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba siku ile ya jumuiya alikuwa amelala chumba cha nyuma na arosto yake, na alisikia jina lake likitajwa na watu kama ishirini kwa zamu. Dada yake akamwomba radhi kwa kumtaja bila idhini. “Dada,” alisema, “nilikasirika. Halafu nikahesabu.”

Miriamu naye ana sura nyingine ya habari zake. Katika Hesabu sura ya 12 yeye ndiye anayeugua, ukoma, na yule aliyekuwa mtoto wa kisafina ndiye anayemwombea, kwa sala ambayo katika Kiebrania ina maneno matano tu. Mwaka 2017 mwandishi alilazwa kwa ajili ya upasuaji, na mdogo wake, akiwa mwaka wa tatu tangu aanze dozi upya, alifika wodini kila siku baada ya dirisha la dawa, akakaa kwenye benchi, akaondoka. Hakusema kwamba alikuwa amepita parokiani. Bibi yule wa jumuiya ndiye aliyeomba bahasha kwa katekista baada ya Misa ya alfajiri na kuileta hospitali ndani ya Biblia yake. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa za mkono ulioacha kuandika siku nyingi. Majina matatu ya mwandishi yalikuwa yamekamilika, na chini yake namba ya wodi, siku ya upasuaji, na ugonjwa ukatajwa bila kufichwa, uvimbe kwenye kizazi. Mahali pa jina la mwombaji alikuwa ameandika majina yake yote, na pembeni, ingawa bahasha haikuuliza, akaongeza: mdogo wake. Sadaka, alisema bibi, ilikuwa sarafu tano za shilingi mia mbili.